Foleni Ndefu, Mshale Juu: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Joto la Pikapu

Barua nyingi za safari hii zinalalamikia jambo moja. Pikapu inakwenda vizuri barabara ikiwa wazi, lakini ikiingia kwenye foleni, joto la injini au la giaboksi linaanza kupanda. Tumeyapanga maswali ili yale yanayohusiana yakae karibu. Vipimo vyote vya joto ni vya sentigredi.

SWALI: Pikapu yangu ya dizeli ina feni inayoendeshwa na mkanda wa injini. Barabara kuu, hata nikiwa na mzigo, mshale hauondoki katikati. Kwenye foleni unapanda ndani ya dakika ishirini hivi, na nikipata mwendo unashuka wenyewe. Fundi wa kwanza alibadilisha thamostati (vali inayofungua maji yaende kwenye rejeta yakipata moto), wa pili anataka nibadilishe pampu ya maji. Nianze wapi?

JIBU: Pampu usiinunue kwanza. Dalili uliyoieleza imeshajibu nusu ya swali lako.

Gari likiwa kwenye mwendo, upepo wa mbele unapita kwenye rejeta wenyewe, feni iwe nzima au mbovu. Kwenye foleni upepo huo haupo, kazi yote inaiangukia feni. Ndiyo maana gari linalochemsha kwenye foleni na kupoa kwenye mwendo huwa na shida ya hewa: feni, klachi ya feni, kava la feni, au mapezi ya rejeta (vile vibati vyembamba vinavyopitisha hewa) yaliyoziba. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo mkali na milimani halafu linatulia kwenye foleni, tungeitafuta shida upande wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyochoka, thamostati isiyofunguka yote, au mpira wa chini wa rejeta unaojibana kwa kuvutwa na pampu. Linalochemsha popote lilipo, anza na kiwango cha maji, kifuniko cha rejeta, kisha gasketi ya silinda hedi.

Kwako wewe mshukiwa wa kwanza ni klachi ya feni, kile kidude bapa cha mviringo katikati ya mapanga. Ndani yake kuna oili nzito ya silikoni, na usoni kuna springi bapa iliyojiviringa inayohisi joto la hewa itokayo kwenye rejeta. Hewa ikiwa moto, springi inajipinda na kufungua kitundu, oili inaingia katikati ya sahani mbili, feni inashikwa na kuzunguka karibu sawa na pampu. Hewa ikiwa baridi, oili inarudi kwenye chumba chake na feni inaachiliwa. Oili hiyo ikivuja kidogo kidogo kwa miaka, feni bado inazunguka, na mtu akiiangalia anasema ni nzima, kumbe inazunguka kivivu.

Ipime hivi. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, zungusha feni kwa mkono. Inapaswa kuwa nzito na kusimama mapema ukiiachia. Ikiendelea mizunguko mitatu minne kama pangaboi, imekwisha. Angalia uso wa klachi: mistari ya grisi iliyoshika vumbi, inayotoka katikati kwenda nje, ni silikoni iliyovuja. Shika ncha za mapanga mawili yanayoelekeana, sukuma na kuvuta, na ukiona feni inayumba ujue beringi imelika. Kisha fanya kipimo cha injini moto: gari likiwa limesimama na mshale umeanza kupanda, pandisha mizunguko ya injini hadi 2,000 kwa dakika na usikilize. Klachi nzima iliyoshika hutoa mvumo mzito, kama lori. Ikiwa mshale uko juu na feni iko kimya, umeshapata jibu. Kuna mafundi wanaoisimamisha feni kwa gazeti lililoviringwa ili kuona kama ina nguvu. Usifanye hivyo. Panga likivunjika linaruka kama kisu.

Klachi ikiwa nzima, hamia kwenye mapezi. Mbele ya rejeta kuna kondensa ya AC, ile inayopoza gesi ya kiyoyozi, na uchafu unaosumbua hukaa kati ya viwili hivyo. Ukitazama kwa mbele unaona kondensa safi na unaridhika. Legeza mabano ya juu ya rejeta, isogeze nyuma kidogo, umulike na tochi: mara nyingi utakuta blanketi la vumbi, majani na wadudu limefunika robo tatu ya chini. Osha kutoka upande wa injini kwenda mbele, yaani kinyume na njia uchafu ulikoingilia, kwa maji ya bomba ya kawaida. Mashine ya kuoshea yenye presha hulaza mapezi, na pezi lililolala halipitishi hewa tena.

Mwisho angalia kava la plastiki linalozunguka feni. Mafundi wengi hulitoa ili wapate nafasi ya kufanya kazi, halafu halirudi. Bila kava, feni huvuta hewa ya pembeni iliyokwisha kupata moto badala ya kuivuta kupitia rejeta. Kwenye mwendo hutaona tofauti. Kwenye foleni utaiona.

SWALI: Mshale wangu hukaa katikati daima. Je, ninaweza kuuamini?

JIBU: Hapana, si kwa undani. Magari mengi ya siku hizi yamepangwa mshale ukae palepale katikati joto likiwa popote kati ya takriban 75 na 105, ili dereva asiwe na wasiwasi kila unapotikisika. Ukiuona umeanza kuondoka, joto limeshapanda sana.

Nunua kisomaji kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya dashibodi na kutuma namba kwenye simu. Joto la maji ya injini husomwa na karibu visomaji vyote. Joto la oili ya gia ni suala jingine: kila mtengenezaji ana msimbo wake, kwa hiyo hakikisha programu unayotumia ina orodha ya gari lako kabla hujalipa. Kwa injini nyingi, 85 hadi 100 ni kawaida, 105 kwenye foleni ya mchana si ajabu, 110 ni wakati wa kuchukua hatua, na 118 kwenda juu ni wakati wa kutoka barabarani.

Kuna mtego mmoja. Sensa ya joto hupima maji yanayoigusa. Maji yakipungua hadi sensa ikabaki kwenye mvuke, namba inaweza kushuka ghafla huku chuma kikiendelea kuungua. Mshale uliokuwa juu ukaanguka ghafla bila sababu si habari njema. Simama uzime.

SWALI: Shikamooni mafundi. Pikapu yangu ni otomatiki. Nimeweka kisomaji na sasa naona oili ya gia inafika 104 kwenye foleni. Barabara kuu iko 88. Nimesoma kwamba ikizidi 80 giaboksi inakufa. Nisimamishe gari?

JIBU: Marahaba. Usisimamishe.

Hiyo 80 inatokana na kanuni ya kukadiria ya mafundi wa gia: kila nyuzi 10 juu ya 80, umri wa oili unapungua kwa karibu nusu. Kwa hesabu hiyo, oili inayoishi kwenye 110 muda wote ina moja ya nane ya umri wa ile inayoishi kwenye 80. Lakini angalia neno “muda wote”. Nusu saa ya 104 mara mbili kwa siku si sawa na kuishi kwenye 104. Tena pikapu nyingi mpya zina thamostati kwenye giaboksi inayoiweka oili makusudi karibu na 90, kwa sababu oili ya moto ni nyepesi na hula mafuta kidogo. Ukiona 88 kwenye mwendo, mtambo unafanya kama ulivyopangwa.

Mipaka tunayoitumia sisi ni hii. Hadi 105, endelea na safari. Kati ya 105 na 120, badili namna unavyoendesha na ujue oili yako itabadilishwa mapema. Ikipita 120, oili inaanza kuunguza viungo vyake, vanishi, yaani utando unaonata, inashika kwenye vali, na usitoke tena na mzigo kabla hujajua sababu. Kuanzia 135 sili za mpira zinakakamaa, na gia zinaanza kuteleza kwa sababu shinikizo linavuja. Karibu na 150, nyuso za klachi za ndani zinaungua. Hapo hata oili mpya haisaidii.

Jua pia kinachopimwa. Sensa nyingi ziko kwenye sampu, yaani bakuli la oili chini ya giaboksi, au kwenye boksi la vali, mahali penye oili iliyokwisha kutulia. Ile inayotoka kwenye konveta (tunaieleza kwenye swali linalofuata) inaweza kuwa juu zaidi kwa nyuzi 20 au zaidi wakati huohuo. Kwa hiyo 118 ya sampu si namba ya kucheza nayo.

SWALI: Kwa nini hasa giaboksi inapata moto kwenye foleni wakati gari halifanyi kazi kubwa? Na nikisimama, niiache D (gia ya kwenda mbele) au niweke N (fri)?

JIBU: Kati ya injini na giaboksi ya otomatiki kuna konveta, bakuli la chuma lililojaa oili. Upande mmoja una mapanga yanayozungushwa na injini, upande wa pili una mapanga yanayosukumwa na oili hiyo. Kwenye mwendo, klachi ya ndani ya konveta huzifunga pande mbili zizunguke pamoja, na joto linapungua mara moja. Kwenye foleni mwendo ni mdogo, klachi hiyo haifungi, na tofauti ya mizunguko kati ya pande mbili yote inageuka joto ndani ya oili.

Chukua gari lililosimama kwenye D, mguu uko kwenye breki, injini inazunguka mara 700 kwa dakika. Upande wa pili wa konveta umesimama kabisa. Konveta ikiwa inakula nguvu ya kusokota ya nyutoni-mita 30, hesabu inakupa kama kilowati 2.2. Hilo ni birika la umeme linalochemka ndani ya giaboksi, na haliachi kuchemka mpaka uondoe D.

Hata hivyo usiwe mtu wa kuhamisha gia kila baada ya sekunde kumi. Kila unaporudi D klachi ya mbele inashika upya, na huko nako ni kulika. Kituo kifupi baki D. Ukiona hamsogei kwa zaidi ya dakika moja, weka N na ushike breki. Baadhi ya magari mapya huiachia klachi hiyo yenyewe yakisimama kwenye D, na kwa hayo N haiongezi kitu. Kati ya N na P (ya kuegesha), tunapendelea N, kwa sababu kuna giaboksi za zamani ambazo hazipitishi oili kwenye rejeta zikiwa P.

Kinachoichosha giaboksi kuliko kusimama ni mambo mawili. La kwanza ni kulizuia gari mlimani kwa kukanyaga mafuta badala ya breki. Hapo umewasha mabirika kumi. La pili ni kukimbilia kila pengo la mita tano na kufunga breki. Acha pengo likue, kisha liendee polepole bila kusimama. Tumia gia ya kwanza au ya pili kwa mkono kama gari linaruhusu: injini inazunguka juu kidogo, pampu ya maji na feni zinafanya kazi zaidi, konveta inateleza kidogo, na giaboksi haihangaiki kupanda na kushuka.

Ukiwa na trela, kuwa mwangalifu kuliko wote unaporudi nyuma kwa kupanda mteremko. Gia ya nyuma, mzigo mzito, mwendo wa konokono, konveta haijafunga: oili inaweza kupanda nyuzi kadhaa kila dakika. Kama njia ni ya udongo au kokoto na pikapu ina gia nzito za magurudumu manne, zitumie, zitaipunguzia konveta mzigo. Kwenye lami kavu usizitumie kama gari lako halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo.

SWALI: Injini inapanda hadi 112 na magari yamenizunguka pande zote. Nifanye nini kwa mpangilio?

JIBU: Zima AC. Kondensa iko mbele ya rejeta na inaitupia hewa ya moto, na kompresa nayo inaongeza mzigo kwa injini. Kisha fungua hita ya ndani hadi mwisho, feni yake ikiwa kasi ya juu, na madirisha wazi. Utatoka jasho, lakini hita ni rejeta ndogo ya pili. Weka N na pandisha injini hadi mizunguko 1,200 au 1,500, ili pampu na feni ya mkanda zizunguke kasi. Namba ikianza kushuka, endelea hivyo.

Ikifika 118, au ukiona mvuke, au taa ya maji ikiwaka, jisogeze pembeni. Hapa watu hubishana: kuzima au kuacha injini iungurume? Kama maji yapo yote na hakuna mvuke, iache iungurume kwenye N na boneti wazi, maana ukiizima maji yanasimama na joto la chuma linaendelea kuyapandisha. Kama maji yanavuja au joto limepita 120, zima mara moja.

Kifuniko usikiguse kwa angalau dakika 40. Bana mpira wa juu wa rejeta kwa kitambaa: ukiwa mgumu, shinikizo bado lipo. Ukilainika, zungusha kifuniko hatua ya kwanza tu, subiri mlio wa hewa uishe, ndipo ukitoe. Usimwage maji baridi kwenye injini moto iliyokauka. Silinda hedi ya aluminiamu hupinda au kupasuka, na bei ya kuichonga upya haifanani kabisa na bei ya kusubiri.

SWALI: Natumia maji matupu kwenye rejeta, hayajawahi kunisumbua. Kulanti, ile dawa ya rejeta, inapunguza joto kweli?

JIBU: Haipunguzi joto. Maji matupu ndiyo yanayobeba joto vizuri zaidi. Kulanti inafanya mambo mengine: inapandisha kiwango cha kuchemka na inazuia kutu. Kwa kifuniko cha baa 1.1, maji matupu huchemka karibu na 121, mchanganyiko wa nusu kwa nusu karibu na 129. Nyuzi hizo nane ni muhimu kwa injini iliyo kwenye foleni. Kikubwa zaidi, maji ya kisima au bomba yenye chumvi huacha magamba ndani ya mirija ya rejeta, na magamba ni blanketi. Changanya nusu kulanti, nusu maji yaliyosafishwa kwa mvuke. Kulanti tupu bila maji ni kosa la upande wa pili: inabeba joto kidogo.

Na kifuniko kilichochoka hushusha hayo yote. Kila upungufu wa shinikizo ni nyuzi kadhaa umepoteza. Ni kipuri rahisi kuliko vyote kwenye mfumo, na mara nyingi ndicho cha mwisho kubadilishwa.

SWALI: Nataka kuongeza rejeta ndogo ya oili ya gia. Ifungwe wapi, na kabla au baada ya ile iliyo ndani ya rejeta kubwa?

JIBU: Baada. Kwenye pikapu nyingi oili ya gia hupita kwanza kwenye mrija ulio ndani ya tangi la rejeta, upande wa maji yaliyokwisha kupoa. Maji huondoa joto kwa nguvu kuliko hewa, kwa hiyo yaache yafanye kazi kubwa, halafu rejeta yako ndogo imalizie kabla oili haijarudi giaboksi. Ukiifunga kabla, oili uliyoipoza kwa hewa inaingia kwenye tangi la maji ya 95 na kupashwa upya.

Kujua paipu ya kurudi: injini ikiwa baridi, washa, weka N, subiri dakika moja mbili, kisha gusa paipu zote mbili karibu na giaboksi. Inayotangulia kupata vuguvugu ndiyo inayotoka. Ile nyingine inarudi, na hiyo ndiyo ya kukata.

Nunua ya sahani zilizopangwa, si ya mrija mmoja uliokunjwakunjwa. Kwa ukubwa uleule ya sahani hupoza vizuri zaidi. Ifunge mbele ya kondensa kwa mabano ya chuma, ikiachana nayo kwa sentimita moja hivi. Zile pini za plastiki zinazopenyezwa katikati ya mapezi, zitupe. Mtikisiko huzifanya zisugue mirija mpaka itoboke. Mpira uwe wa oili ya gia na wenye maandishi hayo. Mpira wa petroli au wa maji huvimba na kulainika. Usukume sentimita mbili na nusu ndani ya nozeli, kibano kiwe nyuma ya ukingo wa nozeli, na mikunjo isiwe mikali.

Ukimaliza, ongeza oili. Rejeta ndogo na mipira yake humeza nusu lita hadi lita moja.

Sasa tahadhari ambayo wauzaji huwa hawaitaji: rejeta hii inategemea hewa ileile inayokosekana kwenye foleni. Kama feni ya injini haivuti, umeongeza kizuizi kingine mbele ya rejeta kubwa. Tengeneza feni kwanza. Na ikiwa shida yako ni ya foleni peke yake, chagua rejeta yenye kifeni chake cha umeme na swichi ya joto.

SWALI: Je, nitoe feni ya mkanda niweke ya umeme?

JIBU: Kwa pikapu ya mzigo, hatushauri. Feni kubwa ya mkanda iliyoshika vizuri huvuta hewa nyingi kuliko feni nyingi za umeme zinazouzwa kwa bei ya kawaida. Anayebadilisha mara nyingi huwa alikuwa na klachi mbovu, na feni mpya inaonekana bora kwa sababu ya zamani ilikuwa imekufa. Badilisha klachi.

Kama pikapu yako ilikuja na ya umeme toka kiwandani na inachemsha kwenye foleni, fanya jaribio hili: washa AC. Feni ikianza kuzunguka kwa AC lakini haiwaki yenyewe injini ikifika 100 na kitu, mota na fyuzi ni nzima, na tatizo liko kwenye sensa ya joto, waya wake au rilei (swichi ndogo inayoendeshwa na umeme) ya upande huo. Isipozunguka kabisa, pima fyuzi, kisha badilishana rilei na nyingine inayofanana nayo kwenye boksi hilohilo, mwisho mota.

SWALI: Nimefungua tangi la akiba nikakuta kitu cha pinki kama maziwa. Hakuna kilichopungua kwenye oili ya injini.

JIBU: Usiliwashe gari, hata kulipeleka gereji. Mrija wa oili ya gia ulio ndani ya rejeta umetoboka, oili nyekundu na maji vimechanganyika. Maji yaliyoingia giaboksi hulainisha gundi inayoshika nyuso za klachi, na zinaanza kubanduka. Dakika chache za kuendesha zinatenganisha kazi ya kubadilisha rejeta na kusafisha, na kazi ya kufungua giaboksi nzima.

Livutwe. Badilisha rejeta, usiizibe. Giaboksi isafishwe kwa oili mpya hadi itoke nyekundu isiyo na ukungu, na mara nyingi mmwago mmoja hautoshi kwa sababu konveta inabaki imejaa. Upande wa injini usafishwe mpaka maji yatoke bila utando wa mafuta, na mipira iliyolainika ibadilishwe.

SWALI: Oili ya gia imekuwa ya kahawia na inanuka kuungua. Fundi anasema nisibadilishe, kwamba oili mpya itaiua giaboksi.

JIBU: Kauli hiyo ina chembe ya ukweli iliyokuzwa kupita kiasi. Giaboksi ambayo tayari inateleza, na oili yake ni nyeusi yenye unga wa klachi, haiponi kwa oili mpya. Ilikuwa inakufa hata hivyo. Giaboksi inayobadili gia vizuri, na oili yake ni ya kahawia tu, inahitaji oili mpya leo.

Dondosha matone mawili kwenye karatasi nyeupe, uache saa moja. Ikisambaa ikiwa na rangi ya chai, badilisha. Ikiacha duara jeusi katikati lenye chembe, fungua sampu kwanza uangalie sumaku. Unga laini wa kijivu kama grisi ni kawaida, lakini vipande vya chuma vinavyokwaruza kidole si kawaida.

Kwa kumwaga sampu peke yake hutoka kama lita 3 hadi 5, wakati mfumo mzima wa pikapu mara nyingi hubeba 8 hadi 12. Njia salama ni kumwaga sampu, kubadilisha filta, kujaza kiasi kilekile kilichotoka, kuendesha kilomita mia kadhaa, na kurudia mara moja au mbili. Mashine ya kusukuma kwa presha tunaiepuka kwa giaboksi iliyochoka.

Kupima kiwango: kama kuna kijiti, gari liwe mahali tambarare, oili iwe moto karibu 75, injini inaunguruma, pitisha gia zote huku umeshika breki, kisha pima. Kama hakuna kijiti, kuna boliti ya kupimia chini. Hapo hufunguliwa injini ikiunguruma na oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa kwenye kitabu cha gari, mara nyingi kati ya 35 na 45, na mtiririko unapogeuka matone, kiwango kimefika. Ukipima kwa joto la 80 itamwagika iliyokuwa inahitajika. Oili pungufu hupata moto haraka. Iliyozidi nayo hupigwa na gia mpaka inatoa povu, na povu halibani klachi.

SWALI: Yangu ni ya gia za mkono. Baada ya foleni ya mlimani kuna harufu ya kuungua.

JIBU: Hiyo ni klachi, na giaboksi haihusiki. Unalishikilia gari kwa kuachia klachi nusu. Tumia breki ya mkono: kanyaga klachi, weka gia ya kwanza, achia klachi taratibu hadi usikie gari linainuka kidogo nyuma, ndipo uachie breki ya mkono. Kwenye kituo kirefu weka fri na utoe mguu kabisa kwenye klachi.

Ikiwa harufu inatokea hata ukifanya hivyo, pima kuteleza: njia tambarare, gia ya nne, mwendo wa kilomita 40 kwa saa, kanyaga mafuta hadi chini. Mizunguko ikipanda mbele ya mwendo, sahani imelika.